Herufi inayonong'ona, herufi inayonguruma: kupanga kitabu cha hadithi cha watoto kwa Kiarabu

Andika طَوِيل, yaani "mrefu", kisha livute: طَوِيــــــل. Mtoto wa Cairo au Beirut anayeanza kusoma ataona neno limerefuka kabla hajalimaliza, na mtu mzima anayemsomea atalivuta kwa sauti bila kuambiwa. Hapo haikuongezwa picha wala rangi. Kilichovutwa ni ule mstari unaounganisha yee na lamu, na maana ikaja yenyewe.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo: kuyafanya maandishi ya kitabu cha watoto cha Kiarabu yaseme zaidi ya maneno yake. Ninawaandikia hasa wapanga kurasa wa huku kwetu pwani, ambao hupewa kazi za Kiarabu kwa sababu tu walipita madrasa na alifu kwa ujiti wanaijua. Kuzijua herufi ni mwanzo mzuri. Tatizo huja pale tunapozipanga kwa mazoea ya herufi za Kirumi.

Kwa herufi za Kirumi, mhusika akipiga kelele tunampa herufi kubwa; akiwaza, tunazilaza herufi; neno likitawanyika, tunaziachanisha. Kiarabu hakina herufi kubwa. Mfalme Fuad wa Misri alijaribu kuziingiza mnamo miaka ya 1930, kwa jina la "herufi za taji", maumbo ya kuvishwa herufi ya kwanza ya sentensi na ya majina ya watu. Hazikushika. Kulaza herufi nako si desturi ya hati za Kiarabu, na fonti nyingi zikilazwa na kompyuta huonekana zimeteguka tu. Kuachanisha herufi ndiko kubaya kuliko vyote, maana katika Kiarabu kushikana kwa herufi ndiko kunakolifanya neno liwe neno.

Nyenzo zako basi ni hizi: kiungo kati ya herufi na herufi, nukta, irabu (alama ndogo za vokali zinazokaa juu au chini ya herufi), mstari ambao herufi zinaukalia, na aina ya hati, yaani mtindo wa mwandiko. Ukizitumia hizo, huna haja ya kuazima kwa Warumi.

Nitatumia hadithi fupi niliyoitunga kwa ajili ya somo hili: Salma, paka wake Mishmish, na usiku wa mvua na radi.

Hatua ya 1: Isome hadithi kwa sauti, ukiwa na kalamu

Usifungue kompyuta bado. Chapisha matini yote, isome kwa sauti kama unayemsomea mtoto, na kila mahali sauti yako inapobadilika weka alama pembeni. Utagundua kwamba mabadiliko yako ya sauti ni ya aina chache: unavuta, unapunguza, unapandisha, unakata ghafla, au unaigiza mtu mwingine.

Sasa futa nusu ya alama hizo. Katika kurasa mbili zinazotazamana, neno moja lenye kitendo linatosha, mawili yakizidi sana. Wapo wasanifu wanaorusha kila neno huku na huko, na kitabu kinapendeza dukani, lakini mtoto anayesoma herufi moja moja anahitaji mstari ulionyooka wa kurudia. Neno linaloruka lina nguvu kwa sababu majirani zake wametulia.

Kwa hadithi ya Salma nimebakisha haya: طَوِيل (mrefu, kwa usiku), هَمَسَتْ (alinong'ona), دَارَ (alizunguka), نَزَلَ (iliteremka, kwa mvua), اِنْكَسَرَ (kilivunjika) na sauti ya radi.

Hatua ya 2: Andaa programu

InDesign ina mpangilio maalumu wa aya kwa lugha zinazoandikwa kutoka kulia. Uwashe kabla ya kubandika matini. Scribus toleo la 1.6 ni ya bure na inaifanya kazi hii vizuri. Programu yoyote utakayotumia, ipe jaribio hili: andika سَلْمَى. Ukiona herufi zimesimama mbalimbali au neno limeanzia kushoto, programu hiyo haifai. Mabango ya namna hiyo yamejaa viwanja vya ndege vya dunia, na kila Mwarabu ana picha yake moja ya kuchekea.

Kisha rekebisha mambo matatu. Nafasi kati ya herufi iwe sifuri, na ibaki sifuri mpaka kazi inakwisha. Aya zipangwe upande wa kulia, kingo ya kushoto iachwe huru. Na hili la tatu ndilo muhimu zaidi: zima kashida za moja kwa moja.

Kashida ni huo mvuto wa kiungo tulioufanya katika طَوِيل. Programu huzitumia kujaza mstari ili kingo zote mbili zinyooke, nazo huziweka popote panapowezekana. Katika gazeti haina neno. Katika kitabu cha mtoto, ukiacha kompyuta inavuta maneno ovyo kwa ajili ya kujaza nafasi, siku Salma atakapoita kwa sauti ndefu mtoto hataweza kutofautisha mwito na kijazio. Kashida iwe na maana moja tu katika kitabu chako: sauti au kitu kinarefuka.

Neno la Kiarabu halikatwi mwisho wa mstari kwa kistari. Likishindwa kuenea, lote linashuka. Kwa hiyo kata mistari kwa maana, pale msomaji anapovuta pumzi, hata kama mstari mmoja utakuwa na maneno matatu na unaofuata saba.

Hatua ya 3: Chagua hati, halafu ndiyo fonti

Masimulizi yawe kwa naskhi. Ndiyo hati ya vitabu, ndiyo ya misahafu mingi, na ndiyo watoto wanayofundishwa kusomea katika nchi nyingi za Kiarabu. Matbaa ya Bulaq, iliyoanzishwa Cairo mwaka 1820 chini ya Muhammad Ali, iliipa naskhi ya kuchapwa sura ambayo bado tunaishi nayo. Fonti ya Amiri ya Khaled Hosny imefufuliwa kutokana na herufi za matbaa hiyo. Amiri ni ya bure. Scheherazade New ya SIL na Noto Naskh Arabic pia ni za bure na zinabeba irabu vizuri. Kwa watoto wadogo sana mimi huelekea Scheherazade New, kwa sababu meno ya herufi zake yako wazi na haiunganishi herufi kwa mapambo mengi. Amiri ni nzuri zaidi kwa macho ya mtu mzima, na hapo ndipo penye mtego: uzuri wake mwingine uko katika miunganiko ya kale inayopandisha herufi moja juu ya nyingine, na mtoto wa miaka sita hajafundishwa hiyo.

Hati nyingine zote ni sauti za wageni katika hadithi. Kila moja inaingia na asili yake:

Rukaa ni mwandiko wa kila siku wa Misri na Sham (Syria na majirani zake). Barua ya bibi, orodha ya sokoni, kijikaratasi kilichobandikwa mlangoni: vyote vikiandikwa kwa rukaa, mtoto wa huko anatambua kwamba hapa kuna mkono wa mtu. Lakini katika rukaa nukta mbili huwa kistari, nukta tatu huwa kama kofia ndogo, na meno ya sini hupotea. Kwa hiyo iweke ndani ya picha, na masimulizi yaseme tena kilichoandikwa.

Kufi ya pembe pembe inafaa kwa ngome, jiwe la kale au roboti, na mchanganyiko huo si utani. Umbo lake la kihandasi linakwenda pande zote mbili. Thuluthi inabeba msikiti na heshima. Diwani ilikuwa hati ya ofisi za Waothmani, kwa hiyo sultani akitoa amri, amri iandikwe kwa diwani. Ukiwa na mhusika kutoka Moroko, hati ya Kimaghribi itamtambulisha kabla hajasema lolote, ila kumbuka kwamba humo fee huwekwa nukta yake chini na qafu hubeba nukta moja juu. Msomaji mdogo wa Amman ataisoma qafu hiyo kama fee. Iache kwenye kibao cha duka mchoroni.

Sipendi kumpa kila mhusika fonti yake. Ukiwa na wahusika watano ukurasa unageuka karatasi ya sampuli ya mpiga chapa. Alama za mnukuo «» na kistari cha mazungumzo zipo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 4: Tia irabu, na uzipe nafasi ya kupumua

Aliyepita madrasa anazijua: fat'ha, kasra, dhuma, sukuni, shada, tanwini. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya kwanza ya Hijra, aliziweka kama nukta za rangi iliyo tofauti na wino wa herufi, na kwamba al-Khalil ibn Ahmad katika karne ya pili ndiye aliyezipa maumbo tunayoyajua: dhuma ni wau ndogo, fat'ha ni alifu iliyolazwa. Rangi ile ya kwanza bado ina faida. Irabu za rangi ya pili, nyekundu iliyopoa au kahawia, humsaidia mtoto kuona kiwiliwili cha neno na irabu zake kama tabaka mbili. Usizipaushe mpaka zikapotea. Mtoto anazihitaji kuliko wewe.

Bila irabu كتب inaweza kuwa كَتَبَ (aliandika), كُتِبَ (kiliandikwa) au كُتُب (vitabu). Mtu mzima huamua kwa muktadha. Mtoto hana muktadha wa kutosha, tena ana shida ya ziada: nyumbani anasikia Kiarabu cha mtaani, Kimisri au Kilebanoni, ilhali kitabu kimeandikwa kwa fus'ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni. Irabu ya mwisho wa neno ndiyo inayomsomesha fus'ha, hivyo ikikosewa na wewe, anajifunza kosa. Mtafute mtu wa nahau azipitie zote. Programu za kutia irabu zenyewe husaidia rasimu, lakini usiziamini kwenye miisho.

Kwa watoto wa miaka minne hadi saba tia irabu zote. Kwa wa nane na tisa unaweza kuacha zile zilizo wazi, kama fat'ha kabla ya alifu ya kuvutia. Kwa wa kumi na zaidi weka tu panapoweza kukanganya. Kasra yenye shada ina desturi mbili: chini ya herufi yenyewe, au juu ya herufi chini ya shada. Zote sahihi. Chagua moja kitabu kizima. Mimi huchagua chini ya herufi, kwa sababu mtoto ameambiwa kasra hukaa chini.

Ukubwa: Kiarabu cha pointi 16 huonekana kidogo kuliko Kirumi cha pointi 16, kwa sababu sehemu ya urefu imeachiwa irabu na mikia. Kwa kitabu cha picha anzia pointi 22. Nafasi kati ya mistari iwe karibu mara mbili ya ukubwa wa herufi, la sivyo kasra ya mstari wa juu itagongana na dhuma ya mstari wa chini, na mtoto hatajua ipi ni ya nani.

Nafasi kati ya maneno nayo iangalie. Tazama وَرْدَة, ua la waridi. Herufi nne, na hakuna hata moja iliyoshika ya mbele yake. Neno hilo lina mianya mitatu ndani yake. Kama nafasi kati ya maneno yako ni finyu, mtoto ataiona وَرْدَة kama vipande vya maneno tofauti. Panua kidogo nafasi za maneno mpaka zizidi mianya hiyo waziwazi.

Hatua ya 5: Vuta panapovutika

Sasa tunafika kwenye utamu wa kazi. Sentensi yetu ya kwanza ni كَانَ اللَّيْلُ طَوِيلًا, usiku ulikuwa mrefu. Tunaivuta طَوِيــــــلًا mpaka inakaribia ukingo wa kushoto wa ukurasa, na giza la mchoro linakwenda nayo.

Mvuto huo unakubalika sikioni kwa sababu sauti ndefu ya neno iko kwenye yee, na yee inashikana na lamu inayofuata. Macho na sikio vinavuta mahali pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa بَعِيــــد (mbali) na كَبِيــــر (kubwa). Lakini sauti ndefu ikiwa ni alifu au wau, mbele yake hapavutiki, kwa kuwa herufi hizo hazishiki ya mbele. Hapo unarudia herufi yenyewe, kama watoto wenyewe wanavyoandika kwenye simu zao: بُوووووم kwa radi, لَااااا kwa Salma anayekataa. Ukipenda unaweza kuvuta kabla ya alifu, يَــــا, na ni desturi inayojulikana. Ila kwa لا nashauri uwe mwangalifu: lamu na alifu lazima ziungane kwa umbo lake maalumu, na ukiingiza kashida katikati umbo hilo linavunjika. Rudia alifu.

Mpangilio wa kuandika ni herufi, irabu yake, kisha kashida. Ukigeuza, irabu itakalia kashida, na fat'ha itaelea hewani mbali na mwenyewe. Halafu angalia sura ya mvuto: kashida ya kibodi imenyooka kabisa, ya mkono wa khatati, bingwa wa mwandiko, hubonyea kidogo katikati. Kwa neno la pointi 22 haionekani. Kwa neno linalotawala ukurasa inaonekana sana, hivyo geuza neno kuwa mchoro na uupinde mstari mwenyewe.

Hatua ya 6: Zijue herufi sita zinazoachia

Alifu, dali, dhali, ree, zee na wau hazishiki herufi ya mbele. Kila zinapotokea, neno lina mshono wa asili, na hapo unaweza kulitenganisha bila kuliharibu. Nikifundisha jambo moja tu kuhusu kazi hii, huwa ni hili, kwa sababu linakuambia neno gani linaweza kufanya kitendo gani.

Chukua دَارَ, alizunguka. Dali, alifu, ree: zote tatu zinaachia. Unaweza kuzipanga kwenye duara, paka Mishmish akizunguka katikati, na kila herufi ikabaki na umbo lake halisi. Anza juu upande wa kulia na ushuke kwa kushoto, ili mwelekeo wa kusoma ufuate mwelekeo wa Kiarabu.

Chukua نَزَلَ, iliteremka. Nuni na zee zimeshikana, kisha mshono, kisha lamu peke yake. Mvua inaweza kuishusha lamu chini ya mstari na neno likabaki zima. Kuishusha zee peke yake ni kuinyofoa kutoka kwa nuni.

Chukua قَفَزَ, aliruka. Qafu, fee na zee zimeungana moja kwa moja. Ndani hakuna mshono. Basi neno lote liruke kwa pamoja, liinuliwe kutoka kwenye mstari kama kipande kimoja, au liinamishwe. Ukitaka kila herufi iruke kivyake, omba mwandishi akupe kitenzi kingine. Nimewahi kuona waandishi wakikubali kwa furaha, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa wameiona nafasi hiyo.

Kukata mahali pasipo na mshono kunaruhusiwa kwa sababu moja tu: pale hadithi yenyewe inapovunja kitu. اِنْكَسَرَ الفِنْجَانُ, kikombe kilivunjika. Alifu ya mwanzo imejitenga, halafu nuni, kafu, sini na ree zimeshikana. Hapa pasua katikati ya sini na kafu kwa ufa wa mshazari, na uache kila herufi na umbo lake la kuungana, mkia wake uliokatika ukionekana. Usizigeuze kuwa maumbo ya herufi za peke yake. Mtoto akiona kiungo kimekatika atajua kimevunjwa makusudi; akiona maumbo ya peke yake atadhani ni kosa la chapa, na atakuwa na haki.

Mambo mawili ya kiufundi yanayowasumbua wengi. La kwanza: ukiyapa maandishi mzingo wa rangi au ukayafanya yapenyeze mwanga, kwenye maungio hutokea mistari au madoa meusi, kwa kuwa maumbo ya herufi jirani yamelaliana. Geuza neno kuwa mchoro, unganisha maumbo yote yawe moja, ndipo uweke mzingo. La pili: ukipitisha maandishi kwenye mkunjo mkali, kila herufi huzungushwa peke yake na maungio hufunguka kwa nyufa. Hapo tena, geuza neno kuwa mchoro na ulipinde lote.

Hatua ya 7: Nukta si mapambo

Wachoraji wanazipenda nukta. Nukta mbili za tee huwa macho ya paka, nukta tatu za shini huwa matone ya mvua, na jina مِشْمِش lina shini mbili, yaani matone sita ya bure. Nami nisingewazuia. Ila بَيْت (nyumba) na بِنْت (msichana) zina kiwiliwili kilekile. Irabu ukiziweka kando, kinachozitenganisha ni nukta za herufi ya katikati, mbili chini au moja juu. Kwa hiyo nukta ikigeuzwa picha, ibaki kwa idadi yake, upande wake na karibu na herufi yake. Tone la mvua linaloanguka kutoka juu ya shini likafika chini ya neno limekuwa nukta ya herufi nyingine.

Katika neno moja geuza nukta za herufi moja tu, na neno hilo liwe limeshatokea kawaida angalau mara moja katika kurasa zilizotangulia.

Hatua ya 8: Sauti ndogo, sauti kubwa, rangi

هَمَسَتْ سَلْمَى: «أَيْنَ أَنْتَ يَا مِشْمِشُ؟» Salma ananong'ona. Punguza ukubwa wa maneno yake, si wa neno "alinong'ona", kwa kuwa anayenong'ona ni yeye na msimulizi anaendelea na sauti yake. Ukipunguza, irabu hupungua pia na huwa za kwanza kupotea. Usishuke chini ya pointi 17 au 18 kwa kitabu kilichoanzia 22, na tumia wino uliopoa badala ya kuendelea kushusha ukubwa.

Radi ni kinyume chake. بُوووووم! ipewe kufi nzito au naskhi nene, na wau zikue moja baada ya nyingine kuelekea kushoto. Wau hazishikani, kwa hiyo kila moja inaweza kuwa na ukubwa wake. Sauti za mlio ziandike kwa jinsi masikio ya huko yanavyozisikia: mlango unagongwa طَقْ طَقْ, matone ni تِكْ تِكْ. Tafsiri nyingi za Kiarabu huacha mlio wa Kiingereza ndani ya mchoro, ukurasa ukabaki na lugha mbili zinazoshindana.

Ukipaka rangi herufi moja ndani ya neno, baadhi ya programu hukata kiungo hapo. Tiba ni ile alama isiyoonekana ya kuunganisha, U+200D, ukiiweka pande zote mbili za mpaka wa rangi.

Alama za kituo ni mgeni wa karibuni katika Kiarabu. Ahmad Zaki Pasha wa Misri aliziwekea kanuni katika kijitabu cha mwaka 1912. Kiulizo hugeuzwa: ؟. Mkato nao: ،. Ukiona kiulizo cha Kirumi katika kitabu cha Kiarabu, ujue aliyepanga hakubadilisha kibodi.

Hatua ya 9: Kurasa ziende kushoto

Kitabu cha Kiarabu mgongo wake uko kulia. Jicho linaanza ukurasa wa kulia juu na kumalizia wa kushoto chini, na mkono hugeuza karatasi kutoka kushoto. Anayesonga mbele anatembea kuelekea kushoto. Anayerudi nyumbani anaelekea kulia. Paka aliyepotea atazame kushoto, nje ya ukurasa, na mtoto atageuza ili amfuate. Swali la Salma liweke kwenye kona hiyo ya kushoto chini. Jibu liko nyuma ya karatasi.

Mohieddine Ellabbad, msanifu na mchoraji wa Misri aliyefariki mwaka 2010, alifanya kazi na Dar al-Fata al-Arabi, nyumba ya vitabu vya watoto iliyoanzishwa Beirut mwaka 1974. Mkono wake unaonyesha wazi kwamba maandishi na picha vilipangwa pamoja tangu mwanzo, vikianzia kulia. Tafuta kurasa zake uzitazame kabla ya kuanza kazi yako.

Kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza ni kazi nyingine. Wachapishaji hupindua picha zote kama kwenye kioo, na ni njia ya haraka, lakini mtoto mezani sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Msomaji wa Riyadh ataliona hilo kabla ya jina la mwandishi, na wa Lamu vilevile. Saa za ukutani, namba za magari na maandishi ya mabango nayo hugeuka. Zikague picha moja moja, na zile zenye mikono au namba mrudishie mchoraji.

Namba za kurasa: Mashariki ya Kiarabu hutumia ١ ٢ ٣, Moroko, Aljeria na Tunisia hutumia 1 2 3. Muulize mchapishaji kitabu kinauzwa wapi. Namba yenye tarakimu nyingi inasomwa kutoka kushoto hata ndani ya sentensi ya Kiarabu.

Hatua ya 10: Jaribu, kisha peleka kiwandani

Chapisha kurasa kwa ukubwa wake halisi. Skrini hudanganya kuhusu irabu. Mpe mtoto anayejifunza kusoma, wewe ukae kimya. Ukisikia anavuta طَوِيل bila kuelekezwa, neno limefanya kazi. Akisimama kwenye دَارَ na kuuliza ianzie wapi, punguza duara au ikuze dali ya kwanza. Akiruka neno lililopambwa na kwenda linalofuata, amelichukulia kuwa picha. Lirudishe karibu na mstari.

Mwenye nahau apitie tena irabu baada ya mapambo, maana maneno yaliyogeuzwa kuwa michoro hayasahihishiki kwa kuandika upya. Hifadhi nakala ya maandishi hai ya kila neno kama hilo pembeni ya faili.

Faili la mwisho liwe PDF yenye fonti zote ndani. Kama unachapia Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, kiwanda kimezoea vitabu vyenye mgongo kushoto, kwa hiyo usitegemee watambue wenyewe. Andika kwenye oda kwamba mgongo uko kulia, tuma kielelezo kidogo cha karatasi kilichokunjwa na kutiwa namba za kurasa, na omba kitabu kimoja kilichofungwa kabla hawajaendelea na vingine.